Tusiuze magari kwa kutazama kilomita pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie ushauri ambao wenye magari hapa Dar es Salaam tunapewa na karibu kila mtu, kuanzia dalali hadi jirani: kwamba gari likishavuka kilomita 200,000 liuzwe haraka kabla halijammaliza mwenyewe kwa matengenezo. Ushauri huo hupiga hesabu ya gereji tu, na kulisahau gari litakalonunuliwa badala yake.

Gari lililotumika linaposhushwa bandarini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na juu ya jumla hiyo VAT ya asilimia 18. Likiwa limepita miaka 8 tangu litengenezwe, huongezwa na ushuru wa uchakavu. Fedha hizo ni haki ya Serikali wala sizilalamikii, ila mnunuzi ajue kwamba hakuna hata shilingi moja kati yake inayoifanya injini kuwa nzima zaidi. Kwa hiyo anayekataa kubadilisha bushi, shokapu na rejeta kwa hoja kwamba gharama inakaribia bei ya gari lenyewe anakosea mizani, kwa sababu bei anayotajiwa na dalali kwa gari lake siyo atakayolipa kupata jingine lenye uzima uleule.

Kilomita zenyewe nazo hudanganya. Gari linalokwenda Mbeya na kurudi mara kwa mara hujaza tarakimu kwenye dashibodi huku injini ikifanya kazi kwa mwendo na joto vinavyoifaa, ilhali lile linalosimama kila asubuhi katika foleni ya Mbagala huchosha oili saa nzima bila kuongeza kilomita za maana. Hilo la foleni ndilo litakalosifiwa sokoni kwamba halijatembea, na likiwa namba E, yaani lililosajiliwa nchini karibuni, bei ndiyo haishikiki.

Sisemi kila gari litengenezwe. Kitu cha kwanza ambacho mimi ningekitazama si injini bali chini ya gari, hasa kwa magari ya huku pwani yanayopigwa na hewa ya chumvi. Fundi alinyanyue, kisha achokonoe kwa bisibisi chesisi na mahali saspensheni inapofungiwa. Bisibisi ikizama kwenye bati, mjadala umekwisha, kwa maana injini hubadilishwa, lakini bodi iliyooza hupakwa rangi tu ili mwingine abebe mzigo. Injini inayotoa moshi, kwa upande wake, isihukumiwe kabla ya kupimwa kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda moja baada ya nyingine. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba imechanganyika na maji, na mara nyingi chanzo ni gasketi ya silinda hedi, kazi ambayo si rahisi lakini haikaribii gharama ya injini nzima, ilimradi mwenye gari hakuendelea kuliendesha likichemka. Fundi anayetaja injini ya mtumba kabla ya kupima chochote (na wapo, kwa kuwa muuza spea huwakumbuka kwa kamisheni) anakutaka uiache injini unayoijua ilikotoka uchukue usiyoijua kabisa.

Kutojua huko kungeweza kupunguzwa. Nchini Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, gari dogo la binafsi hukaguliwa kila baada ya miaka 2 baada ya ule ukaguzi wa kwanza wa mwaka wa 3, na kilomita zake huandikwa. Uingereza nako matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na kilomita, huwekwa kwenye mtandao ambako mnunuzi yeyote huyasoma kwa kuingiza namba ya gari. Hapa kwetu mnunuzi huonyeshwa dashibodi na kuambiwa aamini. Napendekeza wenye yadi walazimishwe kumkabidhi mteja nakala ya cheti cha kulisafirisha gari nje ya Japani, ambacho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, na kampuni za bima ziandike kilomita kila mteja anapokata bima upya.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam