Picha ya Fransisko mmeikata pabaya

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu “Mtakatifu Fransisko Jangwani”, mchoro wa Giovanni Bellini wa Venice wa miaka ya 1470, ambao sasa umehifadhiwa katika makumbusho ya Frick, New York. Mwandishi wenu anasema Fransisko ametoka pangoni kufurahia viumbe. Mimi ni katekista, na maelezo hayo siwezi kuyaacha yapite hivi hivi.

Wanyama wapo, sikatai. Punda amesimama kondeni, na sungura anachungulia kwenye mawe karibu kabisa na mkono wa mtakatifu. Lakini vitazameni viganja vyake! Vina alama za misumari, ndogo na hafifu, mwenye haraka hazioni. Ndiyo madonda matakatifu, mfano wa yale ya Kristo msalabani, aliyoyapokea mlimani La Verna, Italia, mwaka 1224. Giotto, mchoraji wa Italia aliyemtangulia Bellini, alipolichora tukio hilo alimweka Serafi, kiumbe wa mbinguni mwenye mabawa sita, angani, miali ikishuka mpaka mwilini mwa Fransisko. Bellini hakumweka Serafi. Kazi yote ameiachia nuru: inatoka juu kushoto, inaupiga mti wa mlaureli mpaka majani yanang'aa, kisha inamwangukia Fransisko aliyefungua mikono, mdomo wazi kidogo, kivuli chake kimelala nyuma.

Tena yuko pekupeku. Makubazi yake ameyaacha upande wa kulia, chini ya meza yenye kitabu na fuvu. Mchoraji ahangaike na viatu visivyovaliwa kwa sababu gani? Musa alipokikaribia kichaka kilichokuwa kikiwaka aliambiwa: “Vua viatu vyako miguuni mwako, maana mahali hapo unaposimama ni nchi takatifu.” Mti unaong'aa huku, viatu vilivyovuliwa kule, na katikati yao mtu mwenye madonda. Najua wataalamu wa sanaa bado wanabishana juu ya mchoro huu, ila kwangu mimi huyu amesimama mbele ya Mungu, na inamuuma. Kumpenda kwa ajili ya ndege na wanyama peke yake ni kumpenda nusu.

Sasa niseme la picha yenyewe. Mliyoichapisha imekatwa pande zote mbili: mlaureli haupo, meza haipo, makubazi hayapo. Msomaji ataonaje? Nawaomba toleo lijalo muitoe nzima, tena kubwa, viganja vionekane.

Katekista, msomaji wenu