Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo, Kaunti ya Mombasa: Nasi tuingie zizini Mkomani

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaikum. Nakuandikia kutoka Mtongwe, ng'ambo ya feri, kuhusu shoo ya kilimo ya Mkomani. Nyumbani kwetu tunafuga mbuzi wa maziwa. Ombi langu ni kwamba kaunti itusaidie sisi wafugaji wadogo wa humu mjini tushindanishe mifugo yetu kwenye shoo, tusiwe wa kulipa kiingilio na kutazama tu.

Wengi hudhani Mombasa haina wafugaji. Piga hodi Mwakirunge, Mtongwe, au nyuma ya nyumba za Kisauni, utakuta ng'ombe wa kulishiwa bandani, kuku wa kuchi na mbuzi. Wa kuchinja hutoka Tana River, Garissa na Taita, kweli. Lakini maziwa anayokunywa mtoto wa jirani yangu yamekamuliwa uani kwangu alfajiri hiyo hiyo.

Binti yangu analea mbarika, yaani mbuzi jike ambaye hajazaa, chotara wa Toggenburg na Galla. Mchanganyiko huo tuliutaka wenyewe: Toggenburg ana maziwa ila joto la pwani humlemea, Galla jua amelizoea. Kila jioni akitoka madrasa humtembeza kwa kamba fupi, kisha humsimamisha miguu minne sawasawa, akampapasa mgongo, akamwinua kwato, akamfunua mdomo, maana majaji ndivyo wafanyavyo. Anajua kuwa mbuzi aliyeota meno mawili makubwa ya mbele ameshapita mwaka. Kwa mama wa mbarika huyo amejifunza kuwa kiwele kizuri hulegea kikishakamuliwa, na chuchu zake mbili zimelingana. Mtoto wa namna hii anastahili kuonwa na jaji.

Kinachotukwamisha ni kibali. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo, Sura ya 364, inadhibiti usafirishaji wa mifugo, na mimi siipingi hata kidogo. Sotoka ya mbuzi au ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia uwanjani siku ile, kila mtu atarudi nao kwake. Lakini mwenye mbuzi wawili amtafute daktari, alipie chanjo, akodi pikapu, avuke feri, akate mji mzima hadi daraja la Nyali, halafu arudi njia hiyo hiyo? Mwenye kundi kubwa gharama hiyo huigawanya. Sisi hutumaliza.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo. Kwa hivyo jambo hili liko mikononi mwako. Tunaomba madaktari wa mifugo wapite wadi kwa wadi kabla ya shoo, wapime, wachanje, na vibali viandikwe hapo hapo. Waje mapema, si wiki ya mwisho, kwa sababu chanjo huhitaji muda kushika mwilini. Lori moja la kaunti lingetosha kubeba mbuzi wetu wa Likoni.

Shoo yenyewe ni ya Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, kilichoanzia mwaka 1901 kwa walowezi na mashamba yao makubwa. Keti nao, Mheshimiwa, uwaombe watenge shindano la watoto na familia: mtoto aingie na mnyama aliyemlea mwenyewe, na jaji amweleze kwa sauti kwa nini amempa nafasi ya tatu na si ya kwanza. Maelezo hayo yatamfaa kuliko kikombe, kwa sababu mwaka ujao atajua cha kurekebisha. Na mabanda yawe na kivuli na maji ya kutosha. Jua la Mombasa saa saba mchana unalijua, na mbuzi anayenyonyesha hawezi kulivumilia akiwa na kiu.

Sisi wa Mtongwe tumeshaanza kuandikishana majina pamoja na idadi ya mifugo ya kila nyumba. Orodha hiyo tutamkabidhi afisa wa mifugo wa wadi. Tunachosubiri kutoka kwako ni tarehe ya chanjo.

Wako katika ujenzi wa kaunti,
Mama mfugaji, Mtongwe, Likoni