Sirapu ya kikohozi na tembe za usingizi

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako. Mwezi uliopita mamangu alikuwa na kikohozi cha kukesha, daktari akamwandikia sirapu yenye kodeini, tukainunua kwa duka la dawa hapa mtaani na hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine, na mama huyu humeza diazepamu kila usiku ndio apate usingizi. Saa nane usiku nikamkuta anakoroma vibaya, nikimwita anafungua macho nusu tu, pumzi zinakuja mojamoja, tukambeba kwa teksi mbio hadi hospitali. Shukrani kwa Mungu alipona.

Kumbe kodeini ikifika kwa ini sehemu yake inageuka mofini, dawa kali ya maumivu inayopunguza pumzi, na ukiichanganya na diazepamu ama pombe (hata zile dawa za mafua za kuleta usingizi) mtu anaweza kuacha kupumua. Marekani waliagiza onyo kali liandikwe kwa dawa hizi tangu 2016. Chupa yetu ilikuwa na kibandiko cha "kijiko kimoja mara tatu", tena kimebandikwa juu ya maandishi ya kampuni! Sasa kuuliza tu "mama, unakunywa dawa gani zingine?" kunawashinda nini wauza dawa?

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi