Risala ya Kikundi cha Wachapa Picha kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazazi, walezi na wadau wote wa sanaa, itifaki imezingatiwa. Karibu sana na asante kwa kuja mwenyewe, maana tunajua ratiba yako ni ngumu na wengine tuliowaalika huko nyuma waliishia kutuma wawakilishi.

Kikundi chetu kilianza na vijana wachache wa kuchapa tisheti kwa skrini, ule wavu wa kupitishia wino, baadaye tukaingia kwenye picha za lino, yaani unachonga picha kwenye kipande cha linoleamu, unapaka wino na kukandamiza karatasi juu yake, na leo tunasema bila woga kwamba kwenye picha za maumbo matupu, mraba, duara na mistari basi, hapa kwetu hatuna mpinzani. Kazi zetu zimetundikwa saluni, mgahawani na hata ofisi ya kata.

Unaweza kujiuliza mbona hakuna simba wala mlima. Hii njia wakubwa walishaipita. Mchoraji Josef Albers alifundisha Bauhaus, shule ya sanaa kule Ujerumani, mpaka shule ikafungwa 1933 akahamia Marekani, na kuanzia 1950 hadi anafariki 1976 alikuwa anaweka mraba ndani ya mraba, nyingine akizitoa kwa skrini, kuonyesha kwamba rangi ile ile inabadilika kutegemea imekaa na rangi gani. Mchoraji Agnes Martin naye 1973 alitoa chapa 30 za skrini, zote mistari ya kijivu tu, na ukizisimamia huondoki haraka.

Sasa mheshimiwa tufike kwenye jambo lenyewe. Hatuna presi, ile mashine ya kukandamiza karatasi kwenye wino.

Tunachapa lino kwa kusugua karatasi na mgongo wa kijiko. Picha ya mnyama ikichapwa hivyo, doa linajificha kwenye manyoya, mtu anadhani ndivyo ilivyochorwa. Mraba mweusi hauna pa kuficha kitu. Mkono ukichoka kidogo katikati panapauka, pembeni wino unakolea, na karatasi ikisogea hata unene wa uzi rangi ya pili inaacha mwanya mweupe, hapo picha imekufa na karatasi nzuri imeenda. Presi inabana sawa karatasi nzima. Wenzetu wenye mkono mzuri kabisa wameanza kurudi kwenye wanyama, sio kwa kupenda, na hilo linatuuma sana.

Ombi hili sio geni. Mgeni rasmi mmoja aliahidi presi mbele ya watu, tukapiga makofi, akaja mtu na futi kamba kupima mlango kama itapita, tukabomoa tukaupanua kwa michango yetu. Presi hatujaiona na simu zikawa hazipokelewi. Mwingine alisema itaingia bajeti inayofuata, bajeti zikapita. Hatulaumu mtu mheshimiwa, ila tunakuheshimu ndio maana tunakwambia ukweli.

Hatuombi ya kutoka Ulaya. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani amekubali kuitengeneza, zinatakiwa rola mbili za chuma zilizokerezwa vizuri, bamba la katikati, beringi na usukani wa kuzungushia, blanketi za sufu tutanunua wenyewe. Makadirio ya fundi yamo kwenye bahasha uliyopewa. Ukiweza yote tutashukuru, ukiweza rola tu tutashukuru pia, lakini tunaomba jibu leo kabla hujaondoka, hata likiwa hapana, ili tujue tunajipangaje.

Tunaomba kuwasilisha.