Redio haina kosa, angalieni waya

Mhariri,

Barua ya msomaji aliyedai kwamba redio zinazorushwa pamoja na televisheni kwenye setilaiti ndizo zinazogandisha picha ilinichekesha, kisha ikanikera. Nafunga madishi Kirumba na vijiji vya kando ya ziwa tangu enzi za yale madishi makubwa ya wavu.

Enzi hizo angekuwa na hoja kidogo. Redio zilipandikizwa pembeni ya picha ya analojia, na zikirundikwa nyingi picha ilitawanya vidoa. Siku hizi wimbi moja hubeba televisheni nyingi na redio zake kama data, kila moja na namba yake, na redio hula sehemu ndogo tu ya nafasi inayochukuliwa na televisheni moja. Kuilaumu ni kumsingizia dagaa kuzamisha mtumbwi uliojaa sangara.

Juzi mzee mmoja wa Igombe alinipigia: "Mwanangu, zilipendwa zangu za usiku zimekufa, na taarifa ya habari ya kwenye TV imekufa nazo." Chaneli nyingine safi kabisa! Nikapanda juu ya bati. Waya mwembamba, umeungwa katikati kwa selotepu, na mnara wa simu uko hapo hapo nyuma ya nyumba. Kile kichwa cha dishi hushusha mawimbi hadi kati ya megahezi 950 na 2150 kabla hayajaingia kwenye waya. Simu nazo zina masafa yake ya 1800. Zilipenya kwenye kile kiungo zikafunika wimbi moja tu, na vyote vilivyopanda wimbi hilo, televisheni na redio, vikazama pamoja. Hapo ndipo watu hudhani vinagombana.

Nilivuta waya mpya wenye karatasi ya foili na wavu mzito wa kuzuia mawimbi ya nje, bila kiungo hata kimoja. Zilipendwa zikarudi kabla sijashuka. (Malipo yalikuwa ugali na sato. Sikulalamika.)

Mvua ni jambo jingine. Wingu zito likipanda kutoka ziwani chaneli nyingi hukatika kwa pamoja. Usiguse dishi, subiri lipite.

Naomba wenye maduka waache kuuza waya wenye nyuzi za kuhesabu kwa jina la waya wa dishi. Nawe mnunuzi, omba ncha ichubuliwe mbele yako kabla hujatoa hela.

Fundi madishi,
Kirumba, Mwanza