Wastani wa mikimbio hauelezi mbinu ya timu ya kriketi

Mhariri,

Ninaandika kuhusu jinsi kurasa zako za michezo zinavyotumia takwimu kueleza mechi za kriketi, hasa zile fupi za ova 20 (ova moja ni mipira sita). Karibu kila uchambuzi huwapanga wapigaji kwa wastani wa mikimbio, yaani alama zote za mpigaji zikigawanywa kwa mara alizotolewa, kisha timu iliyoshindwa hulaumiwa kwa kupoteza wiketi ovyo, yaani wapigaji wake kutolewa. Kipimo hicho kina heshima yake katika mechi za siku tano, ambako mpigaji ana muda wa kutosha na kinachoadimika ni wiketi. Ndiyo maana wastani wa mpigaji wa Australia Don Bradman, 99.94, hadi leo unatajwa kuwa kilele cha upigaji. Kukihamishia katika mechi fupi bila marekebisho yoyote ni kumpotosha msomaji.

Katika mechi hizo timu ina mipira 120 na wiketi 10, kwa hiyo kinachoadimika zaidi ni mipira. Mpigaji anayepata mikimbio 30 kwa mipira 30 bila kutolewa hupandisha wastani wake, lakini ametumia robo ya mipira ya timu kwa mwendo ambao, kama wenzake wote wangeufuata, ungeifikisha timu kwenye 120 tu. Yule aliyetolewa baada ya kupata 20 kwa mipira 10 huonekana mzembe kwenye jedwali, ilhali amewaachia wenzake mipira 20 ya ziada.

Nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 ya mwaka 2016, iliyochezwa Mumbai, inalionyesha jambo hili waziwazi. India ilipata mikimbio 192 kwa kupoteza wiketi 2 tu, na Virat Kohli akabaki uwanjani na 89 kwa mipira 47, upigaji ambao hakuna mwenye haki anayeweza kuukosoa. West Indies wakajibu kwa 196 kwa wiketi 3, mipira miwili ikiwa imesalia. Ukitazama mipira iliyofika au kuvuka mpaka, ambayo huleta mikimbio 4 au 6 bila kukimbia, India ilipata humo mikimbio 92 na West Indies 146; maana yake ni kwamba India ilikusanya 100 kwa kukimbia na kwa mikimbio ya ziada, wapinzani wao 50 tu. India ilimaliza zamu yake ikiwa na wiketi 8 mkononi, na wiketi zisizotumika haziongezi hata mkimbio mmoja. Ni kweli kwamba mpigaji wa West Indies Lendl Simmons, shujaa wa siku hiyo, alidakwa mara mbili kwa mipira batili, ambayo mpigaji hatolewi kwa kudakwa, na kwa sababu hiyo mechi moja haitoshi kuthibitisha mbinu. Mchambuzi makini huhesabu mechi nyingi kabla ya kutoa hukumu.

Kupima mipira na wiketi kwa pamoja si jambo geni. Mwaka 1992, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Sydney, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 mvua iliponyesha. Waliporudi uwanjani walihitaji 21 kwa mpira mmoja, kwa kuwa kanuni ya wakati ule ilifuta ova ambazo Uingereza ilikuwa imepata mikimbio michache zaidi, lengo likashuka kwa mkimbio mmoja tu, na hivyo kuwaadhibu Waafrika Kusini kwa urushaji wao mzuri. Wanatakwimu Frank Duckworth na Tony Lewis walirekebisha dhuluma hiyo kwa kuhesabu ova zilizosalia na wiketi zilizosalia kuwa akiba moja ya timu, na njia yao ikaanza kutumika katika mechi za kimataifa mwaka 1997. Ikiwa waamuzi wanaamua mechi zilizokatizwa na mvua kwa hesabu ya namna hiyo, sioni kwa nini wachambuzi waendelee kutenganisha viwili hivyo.

Ninaomba basi kila ripoti ionyeshe mikimbio na wiketi za kila timu mwishoni mwa ova ya 6, ambapo masharti ya kuwaweka wadakaji karibu hulegezwa, na tena mwishoni mwa ova ya 15. Pia idadi ya mipira iliyopita bila mkimbio, na kasi ya kila mpigaji, yaani mikimbio kwa kila mipira 100, kando ya mikimbio yake. Tarakimu zote hizo zimo katika daftari la mwandika alama, na zinatosha katika jedwali dogo chini ya habari.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mpenzi wa kriketi