Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: msisubiri wazee wenye Parkinson wavunjike ndo muwapeleke fizio (tiba ya mazoezi)

Shikamoo Daktari. Kama umri wangu umekuzidi utanisamehe, sikujui kwa sura, ila cheo chako ndo kimenifanya nikae nikuandikie usiku huu mzee akiwa kalala.

Baba yangu ni fundi cherehani, kashona suruali Kariakoo zaidi ya miaka 30. Ugonjwa wake ulianzia kwenye pindo. Mteja mmoja alirudisha suruali pindo limeenda upogo, mzee akacheka akasema ni macho haya, tukamnunulia miwani, kumbe mkono. Alafu mwandiko ukaanza kusinyaa, vipimo vya wateja kwenye daftari vinaanza vikubwa vinaishia kama punje za ulezi, na sura ikawa haichangamki hata umchekeshe vipi, majirani wakasema fundi siku hizi anaringa. Kuna konda alishamwambia "mzee punguza viroba", na baba ni swala tano, hajawahi kuonja. Karogwa nayo ilisemwa, hiyo naipita.

Tukaenda hospitali moja hapa hapa mjini, jina naliweka kapuni. Daktari alijua haraka kwamba ni Parkinson, kwa hilo namshukuru, akatueleza kuna seli kwenye ubongo zinatengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuendesha mwili, na hizo ndo zinakufa taratibu, ndo maana mwili unakuwa mzito unakakamaa unatetemeka. Akaandika levodopa, dawa ya kuziba pengo la hiyo dopamini, akasema mrudi baada ya miezi mitatu. Tukarudi hivyo hivyo miaka miwili, dawa, nyumbani, dawa, nyumbani, na ndani ya miaka miwili hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyetamka neno mazoezi.

Mpaka alipoanguka. Usiku, anaenda chooni, kafika mlangoni miguu ikaganda. Wenye wagonjwa wa Parkinson wanaelewa naongelea nini, miguu inakuwa kama imepigwa gundi ila kiwiliwili kinaendelea na safari. Kiganja kikavunjika, akafungwa hogo (plasta ngumu), na siku linatolewa ndo tukapewa karatasi ya fizio, tena kwa ajili ya kiganja Daktari, sio kwa ajili ya Parkinson. Yaani ule mfupa ndo uliotuombea nafasi.

Dada wa fizio alimwangalia mzee anavyotoka mlangoni mpaka kwenye kiti, akauliza, "Huyu baba mmekuwa mnamfanyisha mazoezi gani ya kutembea?" Tukaangaliana.

Kiganja alikishughulikia, ila kazi kubwa aliyofanya ni nyingine. Alituambia ubongo wa mwenye Parkinson unapunguza kila kitu bila mwenyewe kujua, hatua inakuwa ndogo na yeye anaona katembea kawaida tu, kwahiyo lazima afundishwe kuzidisha. Akamwambia mzee, tembea kama unaruka madimbwi ya Jangwani mvua ikishanyesha. Mzee wa watu akacheka, na hatua zikafunguka mbele ya macho yangu! Akatuonyesha kubandika vipande vya selotepu sakafuni kuanzia kitandani mpaka chooni, kila kipande hatua moja, na mlangoni pale penye kuganda tukaweka vitatu. Alivyotueleza, kutembea kwetu sisi kunajiendesha kwenyewe, kwa mzee ile njia imeharibika, ila akipewa mstari wa kuuvuka au mdundo wa kuufuata ubongo unapita njia nyingine. Mdundo nao tukajaribu. Singeli ikatushinda, inakimbia mno, mzee akaanza vile vihatua vya kukimbizana ambavyo ndo vinaangusha watu, tukarudi kwenye taarabu ya zamani na kuhesabu moja mbili moja mbili kwa sauti.

Kuna na mambo madogo ambayo kwetu yamekuwa makubwa. Kunyanyuka kwenye kiti, sogea ukingoni kwanza, miguu irudi nyuma, pua ivuke vidole vya miguu ndo usimame, maana zamani tulikuwa tunamvuta mikono mpaka mabega yanamuuma. Kugeuka asizunguke pale pale kwa mguu mmoja, azungushe duara pana kama lori. Akiwa anatembea tusimsemeshe (kwa familia yetu hii ya wapiga soga ndo zoezi gumu kuliko yote). Na mazoezi yafanyike dawa ikishashika, kwa mzee ni kama saa moja baada ya kumeza, ukimwamsha dawa ya nyuma ishaisha unamtesa bure.

Hajapona, na fizio hakutudanganya kwamba atapona. Mkono unatetemeka vile vile. Ila anaenda chooni mwenyewe na msikitini anaenda kwa miguu, kwa mtu mzima wa heshima zake hilo sio dogo.

Sasa ombi langu. Siku daktari anaandika Parkinson kwenye faili, karatasi ya fizio itoke siku hiyo hiyo, mgonjwa akiwa bado ana nguvu za kujifunza. Na hizo fizio zishuke huku kwenye vituo vya afya. Najua utaniambia mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bure kwa kitambulisho, sawa, lakini bajaji haitambui kitambulisho cha wazee. Kutoka huku Rangi Tatu mpaka mjini kwenda na kurudi ni 30,000, kwa mara mbili kwa wiki kama tulivyoambiwa tulishindwa mwezi wa pili, na daladala ya asubuhi humpandishi mtu anayeganda mlangoni, abiria wa nyuma watamkanyaga.

Wala siombi majengo wala mashine. Uholanzi walianza mwaka 2004 na mtandao wao wa ParkinsonNet, wakachukua mafizio waliopo mitaani wakawafundisha huu ugonjwa hasa, na wagonjwa wakaelekezwa kwao. Na sisi mafizio tunao, hospitali ya KCMC kule Moshi wanawafundisha miaka na miaka. Siku moja kwa wiki fizio mmoja ashuke Mbagala, mwingine Gongo la Mboto, mwingine Bunju, chumba kimoja, viti, selotepu na redio. Utasema wagonjwa ni wachache. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, wengi wa waliokutwa na Parkinson walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Hapa Dar mnawahesabu wapi, kwenye foleni ya mifupa?

Bima ya Afya kwa Wote sheria yake ilipitishwa 2023, na kila mtu anaongelea dawa na vipimo. Mkikaa kwenye vikao vyenu naomba mtu mmoja aulize na fizio, zinalipiwa mara ngapi kwa mwaka kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauishi, maana mgonjwa wa kuvunjika anamaliza, wa Parkinson hamalizi.

Nakala ya barua hii nitaiacha mapokezi kwako kesho pamoja na namba yangu. Ukitaka kuona ninachosema njoo Rangi Tatu saa moja na nusu asubuhi, dawa inakuwa ishashika, utamkuta mzee koridoni anaruka selotepu zake.

Mimi,
Kitinda mimba wa fundi, Mbagala